Mtama wa Mama, Kuku wa Wifi

Jumapili jioni, Korogwe. Kipupwe. Tangu asubuhi wingu limekaa juu ya milima ya Usambara, halishuki wala haliondoki, na mimi niko vivyo hivyo.

Nina wivu. Nimeona nianze na hilo, maana nikianza na habari za kuku nitaishia kujisafisha.

Jana nilikwenda Kwamsisi kumsalimia mama. Anaishi na kaka yangu na mke wake, Mwanaidi, wifi yangu. Nilishuka kwenye bodaboda vumbi likiwa mpaka kwenye kope, nikakuta mtama umesimama nyuma ya nyumba, alizeti zimeinamisha vichwa, kunde zimetambaa katikati yake. Nikamsifu kaka kwa shamba zuri. Akacheka.

"Si langu hilo. Hilo la kuku wa wifi yako."

Shamba zima la kuku!

Mimi pia nafuga. Kuku wangu wanakula chakula cha dukani, na bei ikipanda nawapunguzia, nao wananipunguzia mayai. Ngoma droo. Wa Mwanaidi hawajui duka. Anawapukuchulia mtama, anawachanganyia alizeti na kunde za kuchemsha, siku nyingine anawachimbia mchwa. Manyoya yanang'aa utadhani wamepakwa mafuta. Kiini cha yai ni njano iliyokoza, si ile rangi ya maji ya ndimu niliyoizoea mimi.

Hayo ningeyameza. Lililonikaba ni mbegu.

Mtama ule ni wa bibi, mzaa mama. Masuke mafupi, mekundu. Mama ameutunza miaka yote kwa kuyatundika masuke juu ya moto jikoni, moshi uwafukuze wadudu. Nilikua nikiyatazama, meusi kwa masizi, na bila kuambiwa na mtu nilijua kwamba siku moja yatakuwa yangu. Binti ni mimi peke yangu.

"Mama, mbegu ya bibi umempa Mwanaidi awalishie kuku?"

"Sasa ningekupa wewe ungeitundika wapi? Juu ya jiko la gesi?"

Wakacheka wote. Kisha mama akamgeukia Mwanaidi: "Mwanangu, mletee mwenzio chakula."

Yeye mwanangu. Mimi mwenzio.

Ikaja chai, mihogo na bakuli la mayai ya kuchemsha. Mama aliponiuliza nayaonaje, nikasema yananuka kidogo. Nikaongeza, kwa upole wa kinafiki, labda ni hicho chakula unachowapa, wifi.

Yalikuwa hayanuki.

Mwanaidi hakukasirika, na hilo lilinitia hasira zaidi. Alichukua yai akalinusa, akalinusa tena. "Labda ni alizeti," akasema taratibu. "Basi nitaacha kuwapa. Wateja wangu wa Segera wakisikia harufu hawatarudi." Mama akanitazama.

Nilipokuwa naondoka Mwanaidi alinipa chupa ya maji iliyojaa mbegu za mtama ule, zimechanganywa na majivu, kizibo kimekazwa. Akaniambia kwa kuwa kwangu hakuna moshi, majivu yatazilinda mpaka vuli, nizipepete tu kabla ya kupanda. Mama aliona sina pa kuzitundika, akaishia hapo. Huyu alikaa akalifikiria jiko langu.

Njia nzima nilijaribu kumchukia, nikashindwa. Chupa ilikuwa mapajani.

Leo kutwa nzima nimeiwaza alizeti. Atawanyima kuku chakula bora kwa sababu ya uongo wangu, mayai yatapungua, na nitakuwa nimepata nilichokitaka. Sikujua kama nina roho ya hivyo. Nimeona aibu hata kuwawekea maji kuku wangu.

Mwisho nimempigia. Sikuzunguka.

"Wifi, alizeti usiiache. Mayai hayakuwa na harufu yoyote. Ulikuwa wivu tu."

Nikasikia kuku wake wakigombania kitu.

"Najua, wifi," akasema. "Ulikula matatu."

Nimecheka mpaka machozi, na katikati ya kicheko machozi yakageuka ya kweli. Naye akanisubiri nimalize, hakukata simu.

Amenisamehe, lakini wivu haujatoka. Ningeweza kusema umekwisha na ingependeza kusoma, ila nimeanza kwa ukweli. Nataka mama aniite mwanangu kwa sauti ile ile aliyomwitia Mwanaidi.

Vuli nitaupanda mtama. Nalima kwa ajili ya kuku, au ili mama aje auone?