Kaa Mpaka Chai

Mujukuu wangu Furaha,

Mungu akulinde huko Norwei. Sisi huku kambini Nakivale tuko wazima, maharagi imekubali, na mama yako mudogo amezaa mutoto mwanamuke. Wewe je, unakula? Unavaa nguo nzito?

Umeniuliza kama uache ile kanisa ya Kiingereza ya wageni, kwa sababu unakaa nyuma peke yako na ibada ikiisha unakimbia.

Mimi pia, nilipokuwa kijana, nilikuwa nafulia mama mumoja mugeni nguo pale Mbarara. Siku ya Mungu akanipeleka kanisani kwao, Kiingereza tupu. Pasta akaomba wageni wasimame. Unajua desturi yetu: mugeni anasalimia, anaimba. Nikaenda mbele, nikaimba wimbo muzima! Watu wakaangaliana. Kumbe walitaka tu kutupigia makofi, tukae. Haya ilinishika, na ibada ilipoisha nikatafuta mulango.

Pale mulangoni muzee mumoja, askari wa kambi ya jeshi ya Makenke, akanizuia na kikombe cha chai, ile wanakunywa pamoja kisha ibada.

"Dada, unakimbia nini? Mimi nakuja hapa kila Sande, hakuna mutu anajua jina yangu. Wewe siku moja tu, kanisa yote inakujua!"

Nikacheka mpaka chai ikamwagika. Sande iliyofuata alinishikia kiti.

Basi, mama, kuimba si lazima. Lakini kaa mpaka chai. Angalia mwenye kusimama peke yake na kikombe, umuulize jina. Halafu uniandikie jina hilo, nimuombee pamoja na wewe.

Koko yako, mwenye kukuwaza