Jina la Hermelinda Katika Orodha ya Kijiji

Santa Inés Yutanuu, Oaxaca
3 Januari 2005

Mwanangu Hermelinda,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini wewe na wajukuu zangu mnaendelea vizuri huko Madera na kwamba baridi ya California haijawaingia mifupani. Mimi nipo. Goti la kushoto linalalamika, la kulia limeshakata tamaa, halisemi kitu.

Sipigi simu kwa sababu simu iko dukani kwa Abundio, na unajua mwenyewe: kijiji kizima kinasikia, na wasiosikia wanahadithiwa. Macedonio anaondoka Jumatano na gari lake la mizigo, atakuletea barua hii na pilipili kavu.

Habari yenyewe ni hii. Juzi tulikuwa na mkutano mkuu wa kuchagua watumishi wa mwaka. Umechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya maji, mikono thelathini na minane. Usicheke. Unajua mikono ikishainuliwa hakuna kukataa: ni mwaka mzima bila malipo, kama nilivyotumikia mimi mara saba. Nikawaambia uko mbali. Abundio, ambaye ndiye katibu, akasema wote wako mbali, tukingoja wa karibu tutamchagua punda. Mtu wa kukodi hawamtaki. Uje mwenyewe, au nyumba yako itoe mtu. La sivyo jina lako linafutwa katika orodha ya kijiji, na hapo huna shamba, huna maji, wala huzikwi penye mama yako.

Mtu wa nyumba yako ni mimi. Nimeshachukua funguo za tangi, kwa hiyo usihangaike. Nakuarifu tu.

Baba yako,
Nicéforo


Madera
22 Januari 2005

Shikamoo baba,

Sisi wazima. Tunapogoa mizabibu, na jioni vidole vyangu havikunji, ndiyo maana mwandiko uko hivi. Yésica ana miaka tisa sasa na ananisahihisha Kihispania. Noé ana minne, anakula kama ng'ombe.

Sasa baba, mwenyekiti? Mimi? Nina miaka kumi na mmoja sijakanyaga hapo! Ni nani aliyenikumbuka ghafla hivi? Ni Abundio tu, tangu nimkatalie kucheza naye ile sherehe ya mtakatifu hajanisamehe. Mwambie nimesema ana roho ya kunguru.

Una miaka sabini na miwili. Chemchemi iko saa mbili na nusu za kupanda, tena kwa mwenye magoti. Na mimi siwezi kuja. Sina karatasi za kuishi nchi hii. Kutoka naweza hata leo, kurudi kwa watoto ndiko sina njia, na baba yao alichojua ni kuondoka tu.

Lakini sitaki wanifute. Nashangaa mwenyewe ninavyolia kwa ajili ya daftari la Abundio. Huku mimi si mtu wa mahali, baba. Nikifutwa na huko, nitakuwa wa wapi?

Polepole kwenye yale mawe.

Binti yako,
Hermelinda


Yutanuu
14 Aprili 2005

Mwanangu,

Habari za siku nyingi? Huku tunamshukuru Mungu, mvua bado. Nimekawia kukujibu kwa sababu wewe mwenyekiti una kazi nyingi sana, na mimi ndiye ninayezifanya.

Jumapili ulikuwa na msaragambo wa kufukua mfereji. Niliita majina thelathini na moja. Wanaume waliokuja ni wanne, na mmoja wao ni Tiburcio asiyeona. Waliobaki walikuwa wanawake. Naita "Fidencio!" anaitika Otilia, mkewe, mtoto mgongoni na sururu mkononi. Fidencio yuko kwenye matufaha huko Washington mwaka wa tisa. Naita jina la mwanamume, najibiwa na sauti ya mke, ndivyo hivyo mpaka mwisho wa orodha. Otilia akaniambia, "Mzee, ukiniita Fidencio mara moja zaidi nitaota ndevu." Tulicheka, kisha tukachimba mpaka saa tisa. Yule mwanamke anachimba kuliko mimi nilipokuwa na miaka thelathini.

Walikuja pia watu wa mradi kutoka mjini, na bango refu: kuimarisha taasisi za vijijini na kuwawezesha wananchi kuondoa umaskini. Walitukalisha duara kama watoto wa ubatizo, wakatugawia vikaratasi vya rangi tuandike tunachokosa. Tiburcio alimwambia Otilia amwandikie: watu. Yule binti wa mradi akakibandika ukutani, akauliza, "Na kingine?" Wakala maharage yetu, wakaondoka. Wamesema tangi jipya litakuja kamati ikiwa imara. Kamati ni mimi na spana, mwanangu. Nimechoka kidogo.

Baba yako


Madera
2 Agosti 2005

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, joto linatuua. Wewe sikuulizi hali, maana utanidanganya.

Macedonio amepita hapa. Kwanza amesema ulianguka kwenye bomba la juu mwezi wa Juni, ukalala pale tangu asubuhi hadi Otilia alipokukuta alasiri. Barua yako ya Juni ilisema una mafua!

La pili lilimtoka tu akidhani najua. Abundio hakunitaja mkutanoni. Aliyenitaja ni wewe.

Kwa nini? Nimekaa na swali hili siku tatu kwenye mizabibu. Ulijua sina karatasi, ulijua nina watoto, ukasimama mbele ya watu wote ukanitwika mzigo, kisha ukajitwika wewe ili mimi nikose usingizi. Ulitaka nije kwa nguvu? Kama ni hivyo ungesema tu, "Njoo." Ningekukatalia, lakini ungekuwa umesema.

Sina la kuongeza.

Hermelinda


Yutanuu
9 Oktoba 2005

Mwanangu,

Natumaini hasira haijakupunguzia kula. Mimi nimepona, mguu unaburuta tu. Miezi miwili sikukuandikia kwa sababu nilikuwa naona haya, na haya si kitu cha kumtumia mtu kwa mkono wa Macedonio.

Ni kweli, ni mimi. Siku ile kabla ya uchaguzi Abundio alisoma orodha yote. Akifika kwa aliyeondoka zaidi ya miaka kumi anauliza, "Kuna anayemtaja?" Asiyetajwa anafutwa. Ni sheria mpya, na si mbaya, maana hatuwezi kuendesha kijiji kwa majina matupu. Walifutwa watano bila mtu hata kukohoa. Akasoma Hermelinda. Nikangoja. Nilidhani shangazi yako atasema kitu, au yule uliyesoma naye. Mimi nikaropoka, "Namtaja kwa kamati ya maji!" Mwenye zamu hafutwi. Ndiyo njia pekee niliyoikumbuka kwa haraka ile.

Sikutaka uje. Nilitaka mtu alisome jina lako kwa sauti mwaka mmoja zaidi. Nikaona kupanda mlima si gharama kubwa. Nilikosea kuhusu mlima.

Nisamehe.

Baba yako,
Nicéforo


Madera
1 Novemba 2005

Baba yangu,

Shikamoo, tena shikamoo. Nimemwekea mama maua na mkate mezani kwa siku hii ya marehemu. Noé ameula mkate wa marehemu, nimeona mama angecheka tu, nikamwacha.

Nimesoma barua yako mpaka imechanika. Sasa nisikilize, na usinibishie. Mkutano wa Januari, simama uwaambie wanifute. Sema mimi mwenyewe nimeomba. Wewe utabaki katika orodha, ulishamaliza zamu zako zote zamani. Nisipofutwa utanitaja tena, nakujua, na mwakani Otilia atakuokota umekufa.

Sitakuja, baba. Nimeandika neno hili mara ya kwanza. Miaka yote nilikuwa nasema "mwakani". Watoto wangu ni wa huku, na mimi nipo walipo wao. Nataka jina langu libaki huko, nalitaka sana, ila silitaki kwa magoti yako.

Inua mkono, baba. Fanya hivyo kwa ajili yangu.

Binti yako,
Hermelinda


Yutanuu
5 Januari 2006

Mwanangu Hermelinda,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa wajukuu. Huku tumeuona, tunashukuru.

Nimefanya ulivyosema. Nilisimama juzi nikasema, "Naomba mfute jina la binti yangu." Nilitegemea watabisha, angalau kwa adabu. Hakuna aliyebisha. Abundio alipiga mstari kwa rula. Kwa rula, mwanangu, taratibu, na mimi nimesimama.

Nilikuwa hata sijakaa. Otilia alitokea nyuma walikosimama wanawake, akasema, "Mkifuta wasiokuwepo, mfuteni na Fidencio, mniandike mimi. Miaka tisa anahudhuria msaragambo kwa mgongo wangu." Wanaume wakacheka. Yeye hakucheka. Akaja mwingine nyuma yake, akaja mwingine. Abundio akasema haijawahi kutokea mke kuandikwa mumewe akiwa hai, utaratibu hauruhusu. Nikamwambia, "Abundio, mwaka mzima nimeita majina kule mlimani. Nakuapia, wanaoitika ni hawa." Mabishano yalikwenda mpaka saa kumi. Mwisho mikono ikainuliwa. Wameandikwa wanawake kumi na tisa, kwa majina yao, na Otilia ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji. Nimemkabidhi funguo. Akaniambia, "Nenda ukapumzike, mzee, umetuchelewesha vya kutosha." Keshokutwa anawapeleka wote chemchemini, na ole wake atakayechelewa.

Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, maana lilikuwa jambo jema, pengine jema kuliko yote niliyoyaona katika ukumbi ule. Kijiji kilipata watu kumi na tisa siku moja. Mimi nilikuwa nimetoa mmoja, na katika furaha ile hakuna aliyekumbuka kunipa pole.

Leo nimeamka alfajiri kama kawaida, nikavaa viatu, ndipo nikakumbuka sina pa kwenda. Nimekaa mlangoni mpaka jua limepanda. Sikulaumu, mwanangu. Uliniomba jambo la haki nikalitenda.

Ila niandikie. Hata kama huna la kusema, niandikie.

Baba yako,
Nicéforo