Kurudia, Bonyeza Nyota

Kilburn, London
14 Januari 2024

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unakohoa kidogo kuliko mwezi uliopita, na unakula kama mtu mzima. Mimi mzima, ila baridi ya huku imeamua kukaa nami chumba kimoja.

Juzi nilipiga simu, ukapokea. Nilikusikia unapumua. Nikaongea, nikaongea, halafu ukakata. Najua madaktari walipokupasua koo waliondoka na sauti yako, wala sikudai jibu. Lakini Baba, ungeniacha basi nimalize.

Kazi ipo. Jukwaani bado naitwa kujaribiwa na kurudishwa, mara lafudhi, mara urefu. Kinachonilisha ni sauti. Wiki hii, kwenye studio ya Hitesh kule Neasden, nyuma ya duka la vigae, nimerekodi maneno ya simu ya kampuni moja ya gesi ya huko nyumbani. "Karibu. Kuagiza mtungi, bonyeza moja. Kurudia, bonyeza nyota." Ukibonyeza moja nasema, "Asante. Subiri kidogo, oda yako inaandikwa." Nimesomea uigizaji miaka yote ile ili niwaambie watu wabonyeze nyota!

Ibtisam, mwenzangu wa fleti, alicheka mpaka sindano ikamdondoka. Yeye ni mtu wa Mombasa, anashonea waigizaji nguo, na upande wa ndani anaumaliza vizuri kama wa nje. Nilimuuliza kwa nini, wakati watazamaji hawauoni. Akasema, "Kwani anayeivaa hajui?"

Niandikie.

Mwanao,
Placida

*

Moshi
20 Februari 2024

Mwanangu Placida,

Marahaba, mama. Koo limetulia. Uji unapita, ndizi laini zinapita, maneno ndiyo yamegoma.

Usinikasirikie kwa habari ya simu. Mtu akipokea simu anasema halo, na mimi halo sina. Nakaa nimeshika simu yangu ya kitochi kama mwizi aliyejificha uvunguni. Unauliza, "Baba, upo?" Nipo, nashindwa kusema nipo. Naona aibu. Mimi Leonard wa michezo ya redio, ambaye nikiulizia nyanya sokoni watu walikuwa wanageuka! Barua angalau hainisubiri nijibu papo hapo.

Huyo Ibtisam mshike sana. Unakumbuka nilipokuwa namwaga mchele kwenye ungo ili wasikilizaji wasikie mvua, wewe umenishikia ungo? Fundi mitambo alitaka tutumie mvua ya kwenye kanda. Nilikataa. Mvua ya kanda inamnyeshea kila mtu. Yangu ilikuwa inamnyeshea marehemu mama yako, aliyekuwa zamu hospitalini kule Rombo na redio yake ndogo. Mbele ya maikrofoni ongea na mtu mmoja. Nilikufundisha hivyo, usisahau hata kama unauza gesi.

Habari nyingine hakuna. Nimenunua mtungi wa gesi.

Baba yako

*

Kilburn
2 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Mafua yangu yameisha. Wewe je, usiku unalala? Na hiyo gesi! Si wewe uliyesema maharage ya gesi hayana ladha? Hongera kwa kukubali dunia.

Nataka ushauri wako. Waliotengeneza ule mfumo wa simu wanataka kuinunua sauti yangu moja kwa moja. Nitasoma maneno siku kadhaa, mashine ijifunze, kisha iseme chochote, popote, bila mimi. Nikikataa, wataniondoa kwenye ile simu ya gesi na kuweka mtu atakayekubali. Hitesh, ambaye alizaliwa Arusha na Kiswahili chake bado ni cha sokoni, ananisukuma: "Dada, sign tu bwana. Deal kama hii haiji twice." Adolphe wa chumba cha chini, anayepiga gitaa kwenye harusi Jumamosi na siku nyingine anaosha mabasi, hataki hata kulisikia. Anasema yeye anaosha mabasi ndiyo, ila vidole vyake havijawahi kupiga wimbo asioujua.

Nikikubali nitapata muda wa kuhangaikia jukwaa vizuri. Nikikataa, naendelea kukimbizana na treni hivi hivi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mwanao,
Placida

*

Moshi
30 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Huku baridi ya Juni imetukalia, lakini nina sweta lako. Barua yako nimeisoma mara nyingi na kuizungukazunguka, kwa sababu jibu halikuwa rahisi kwangu. Kwa nini halikuwa rahisi, hilo niachie mimi.

Kataa.

Sauti yangu iliondoka kwa kisu na sikuulizwa. Wewe unaulizwa. Ipo siku hiyo mashine itamwambia mtu jambo ambalo wewe usingelisema, naye ataliamini kwa sababu amezoea kukuamini. Halafu wewe, kabla ya kusema "subiri kidogo", huwa unavuta pumzi, kama mtu anayevuta kiti aketi na mgeni wake. Mashine itavuta pumzi ya nini?

Kanda zangu zote kule redioni zilifutwa ili warekodi mpira juu yake. Nilidhani sitajali. Najali, mama, najali sana. Kuna siku ningetoa chochote nijisikie nikisema jina langu tu. Lakini yote niliyosema niliyasema mwenyewe.

Jirani yangu Godlisten ananicheka, eti nafungua duka la gesi. Mitungi imefika mitatu.

Baba yako

*

Kilburn
8 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Unaendeleaje? Mimi mzima, nimechoka kwa uzuri.

Nimekataa. Hitesh alininunia, kisha akaniletea chapati za mama yake kutoka Stanmore, kwa hiyo yamekwisha. Kwenye simu ya gesi wananiondoa mwisho wa mwezi huu. Sitaikumbuka!

Halafu nimepata sehemu kwenye mchezo, ukumbi mdogo juu ya baa hapa hapa Kilburn. Muuguzi mwenye sentensi saba. Ibtisam ananishonea gauni. Nitamwigiza Mama, jinsi alivyokuwa akisema "haya, jikaze" huku yeye ndiye analia.

Nimekukumbuka sana. Nikitoka mazoezini, kwenye basi kila mtu anapiga kelele na simu yake kwa lugha ya kwao, na kila mtu ana wa kumjibu. Naona wivu.

Mwanao,
Placida

*

Moshi
17 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Hongera kwa sentensi saba, wapo walioanza na kupiga hodi tu.

Barua hii ni fupi, nisamehe, sina hamu ya kuandika. Vuli imechelewa, migomba imekunja majani. Mitungi miwili nimempa Godlisten. Huyu wa sasa anaongea sawasawa, sina kosa la kumtajia, ila pale pa "subiri kidogo" anaharakisha kama anafukuzwa.

Baba yako

*

Kilburn
5 Desemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Sikuulizi hali, kwa sababu sasa naijua.

Barua yako niliisoma kwenye basi. "Huyu wa sasa" ni nani? Nikafikiria mitungi mitatu kwenye nyumba inayopika kwa mkaa, nikapitiliza kituo.

Ulikuwa unaipigia ile simu ya gesi ili unisikie. Kule huulizwi halo. Unabonyeza, nami nakujibu. Na ili nikuambie "subiri kidogo" ilikubidi ubonyeze moja, mtungi nao ukaja! Halafu nikakuuliza nikubali au nikatae, na ukaniambia nikatae, huku ukijua. Nimelia mpaka Ibtisam akasimamisha cherehani.

Ulinifundisha niongee na mtu mmoja. Siku ile Neasden, Hitesh aliponiashiria nianze na nikasema "Karibu", nilikuwa nakukaribisha wewe.

Sasa sikiliza. Kuanzia mwaka mpya nitakupigia kila Jumapili ukishatoka misa. Pokea tu, usihangaike na halo. Mimi nitasema:

Karibu, Baba. Kama umekula, bonyeza moja. Kama koo linauma na ulitaka kunificha, bonyeza mbili. Nikusomee sehemu yangu, bonyeza tatu. Tukae kimya tu, bonyeza nne. Kurudia, bonyeza nyota, mara zote utakazo.

Mlio wa kitufe nitausikia. Usikate.

Mwanao,
Placida

*

Moshi
20 Januari 2025

Mwanangu Placida,

Marahaba, mama, marahaba tena. Natumaini baridi ya huko haijakuzidi.

Jumapili ya kwanza nilibonyeza mbili badala ya moja, ukaanza kunitisha na madaktari. Koo haliumi. Jana nilibonyeza tatu, kisha nyota, kisha nyota, mpaka sauti yako ikaanza kukwaruza. "Haya, jikaze" umeisema kama yeye kabisa. Nilimwona mlangoni na gauni lake la kazi.

Kisha nikabonyeza nne, ukanyamaza. Nilikusikia unapumua, nami nikapumua, na safari hii sikuona aibu. Nikaweka simu mezani, nikaenda jikoni kushusha ungo.

Ukasema, "Baba, huko kunanyesha? Mvua kubwa hivyo?" Ukafurahi kwa ajili ya migomba yangu. Halafu simu ikakatika, mimi nimesimama na ungo wangu, na kwenye kile kitochi hakuna kitufe cha kukujibu swali hilo.

Ndiyo maana naandika. Moshi kuna jua kali na vumbi tupu, wala hakuna wingu. Hata wewe uliyenishikia ungo nimekuweza! Mchele bado umetapakaa sakafuni, sijaufagia.

Haikuwa mvua, mwanangu. Ni mimi nilikuwa naongea.

Baba yako