Gari Limenyooka, Goti Limekataa

Alhamisi, baada ya chakula

Angalau halivuti tena kushoto. Tangu niliinue gari kwa springi ndefu, ili liweze matope ya kwetu Kitui, nimekuwa nikishindana na usukani hadi mabega yakauma. Fundi wa Kawangware alinicheka: "Mkubwa, ukiinua gari bila alaimenti, inakula tairi yote." Leo ameyanyoosha magurudumu.

Nikapitia kwa Mama, Kianda, kumwonyesha, maana Jumamosi tutaenda nalo Kitui kumzika dada yake. Alijaribu kupanda, goti likakataa.

"Kwani hii ni gari ama ni ghorofa?"

Tulicheka. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba labda dada yake azikwe bila yeye.

Nimechoka. Niliifikiria barabara, goti lake sikulifikiria. Kesho narudi kwa fundi, anichomelee kidato cha kupandia mlangoni.