Sahani ya Bwana Herenio

Puteoli, karibu na karakana za rangi,
siku tatu kabla ya Ide za katikati ya Oktoba.

Shangazi yangu Rustia, nisiyekusahau,

Unisamehe kwa kukaa kimya tangu mavuno ya ngano. Kila niliposhika kalamu binti yetu Krispina aliamka, na alipolala, nami nililala. Anaota meno, basi nyumba nzima tunaota naye.

Hujambo lakini? Magoti yanaendeleaje? Na joto la Aleksandria limepungua? Sisi tu wazima, ila mikono yangu imekuwa myekundu kwa kumsagia mume wangu Lukrio rangi.

Sasa nikupe habari, maana nusura tuhame mji.

Bwana Herenio, yule mwenye maghala ya mafuta, alimwita Lukrio amchoree chumba cha kulia chakula. Alimwambia neno moja tu: anataka satura. Wewe huko unaongea Kigiriki, labda umesahau kwamba kwetu neno hilo lina pande mbili. Ni ile sahani ya kila kitu tunayowajazia miungu, na ni yale mashairi ya kuwacheka watu. Lukrio akachora sahani. Tini, mayai, vitunguu, mkizi mmoja, na katikati mung'unye mkubwa. Akaijaza mpaka ukingoni.

Herenio alipoingia, aliutazama ukuta, akanigeukia mimi.

“Mama Krispina, mumeo ana masikio? Nilitaka watu wacheke. Nani anacheka tini?”

“Bwana, satura si ndiyo hii?” Lukrio akamjibu.

“Bandueni lipu yote. Na mji mzima utajua ni fundi gani asiyeelewa anachoagizwa.”

Nilimwona Lukrio anatafuta nyundo kweli. Shangazi, fundi akishasemwa hivyo hapa, hapati tena ukuta hata wa choo. Nilikuwa nanyonyesha, lakini nilisimama mlangoni. Nikamwambia bwana kwamba wageni ni kesho na lipu mpya haitakauka. Waache waione kwanza. Wasipocheka, nyundo nitaishika mimi. Akaguna, akaondoka.

Kesho yake tuliambiwa tungoje penye mlango wa jiko. Kati ya wageni alikuwamo Koskonio, yule mtunzi wa mashairi ya kejeli, ambaye watu humwalika kwa sababu wanaogopa kutomwalika. Kama kawaida ya wageni wa huku, walianza kuukosoa ukuta kabla ya kuonja chochote. Koskonio akasogea karibu.

“Herenio, hukutuambia kwamba umechorwa.”

“Nimechorwa wapi?”

“Huyu mung'unye. Upara ni wako, shingo ni yako. Hata unavyowaegemea wenzako ni hivihivi.”

Nikamkumbatia mtoto. Herenio akainama, akatazama mung'unye, kisha mkizi.

“Basi wewe ndiwe mkizi,” akasema. “Umekufa na mdomo bado uko wazi.”

Hapo walicheka mpaka watumishi wakaweka sinia chini. Kila mtu akainuka kujitafuta. Mke wa mtu mmoja alinuna kweli: “Mimi mmeniacha? Hata kitunguu sikufaa?”

Koskonio alipopita mlangoni alimshika Lukrio bega. “Ndugu, kazi yetu ni moja. Ila yangu wanaisahau kabla hawajanawa, yako watakula nayo kila siku.”

Ukuta umebaki, nasi tumebaki. Nilipomuuliza Lukrio kama alikusudia, alisema, “Nilichora mung'unye. Mung'unye wote wana vipara.” Nimemwamini nusu.

Nisalimie mjomba Vibio na binamu yangu Tertula, umwambie ampe mwanawe maziwa, aache kusikiliza majirani. Miungu ya nyumbani ikulinde wewe na magoti yako.

Ni mimi, mtoto wako kwa mapenzi,
Sabidia

Bado nahitaji hivi: madonge manne ya rangi ya buluu ya huko, yasiyo na mchanga, brashi mbili za nywele laini, kitambaa cha kitani cha kumfungia Krispina, kilichofuliwa sana, na tende kavu, zile zilizokunjamana kabisa. Jirani yake Herenio naye anataka sahani. Amesema awe tunda, asiwe mboga, na Lukrio ameshamtazama uso.