Ile Radhi Niliyokuandikia

Mama Nekesa,

Nakuandikia nikiwa kitandani, na binti yangu ananikataza. Nimechoka kuambiwa nipumzike. Nitapumzika vya kutosha hivi karibuni.

Meza yako ya sweta pale soko la Toi imechukuliwa na mwanamke wa viatu. Mazishi yako nayo yaliniudhi. Walisoma kwamba ulifariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Muda mfupi! Wewe uliyekonda mbele ya macho yetu miaka miwili! Kwetu mtu akifa, ugonjwa wake husimuliwa wote: ulianza lini, alipelekwa wapi, nani alimtibu. Siku hizi tunaogopa hata hilo, na mimi ndiye niliyewafundisha watu kuogopa.

Kwenye matanga ya mumeo, pale mtaani kwenu Lindi, ulisimama ukasimulia kama ilivyo desturi. Ukamtaja daktari. "Hakumgusa tumbo hata kwa kidole. Alimwandikia dawa za vidonda vya tumbo akiongea na simu." Mtu akakurekodi. Kabla hatujazika, maneno yako yalikuwa yamefika Riruta, na wagonjwa wakaanza kuupita mlango wa kliniki yake bila kuingia. Ndipo ikaja barua ya wakili: umemharibia daktari jina, alimpima mgonjwa vizuri, akawaambia mwende hospitali kubwa, mkakataa. Omba radhi hadharani au tuonane kortini.

Ulikuja kwangu Kawangware na barua hiyo umeifunga kwenye pindo la leso. "Karani, si wewe ulikuwa hapo? Si uwaambie tu?"

Nilikuwa hapo. Mimi ndiye niliyewapeleka kwa daktari wangu. Nilikaa pembeni nimeshika koti la mumeo. Hakumgusa. Hakutaja hospitali yoyote. Siku ya tatu kidole tumbo kikapasuka.

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa karani wa mahakama. Nilijua sheria inalinda jina la daktari, na ni haki, maana likichafuliwa kwa uongo hana dawa ya kulisafisha. Nilijua pia kwamba sheria hiyohiyo haimfungi mdomo anayesema kweli na ana wa kumshuhudia. Shahidi alikuwa mimi. Nami nikakuambia nini? "Kesi itakumaliza, Mama. Omba radhi yaishe." Daktari yule alinitibu presha miaka mingi. Mke wangu alipozidiwa, alikuja mwenyewe hadi kitandani kwake. Nikaona nitamlipa kwa ukweli wako. Nikakuandikia kwa mwandiko wangu mzuri: "Niliyosema hayakuwa kweli." Ukaisoma mbele ya simu, macho chini.

Pale Toi wakakupa jina. "Mama Samahani, na hii sweta pia ni ya uongo?" Ukacheka nao. Kwangu ukaendelea kuja, ukiniletea mboga. Hukunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Si ungenitukana angalau!

Wiki iliyopita nilimwambia daktari uso kwa uso kwamba nitasema. Hakukasirika. "Mzee," akasema, "yule mama mwenyewe alikubali alidanganya. Iko kwa maandishi."

Maandishi yangu!

Basi nimeandika mengine, kwa baraza linalosimamia madaktari. Sikumwita muuaji. Nimeandika nilichokiona, na kwamba ile radhi niliitunga mimi nikijua ni uongo. Nimeandika pia alivyomhudumia mke wangu, kwa sababu hilo nalo ni kweli. Nakala moja nimempa mwanao Nekesa aisome kwa sauti palepale Lindi uliposimama. Wakili na alete barua yake. Akinikuta hai, sawa.

Kesho ndiyo siku ya kuipeleka barua yangu barazani. Binti yangu anasema aitume yeye. Nimekataa. Nakuahidi nitaikabidhi kwa mkono huu uliokosea, hata ikibidi nibebwe.

Lala, Mama Nekesa. Nikifika huko, usinisalimie kwanza. Niulize kama niliipeleka.

Karani