Ulisema Mlimalizana

Mdogo wangu mpendwa Mwambi,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kifua chako kimetulia, maana huu ndio wakati wa vumbi na mimi najua vumbi linavyokufanya. Unakula? Unalala mahali pakavu? Mimi hapa Voi sijambo, ni miguu tu inayovimba nikisimama sokoni tangu asubuhi. Mama kule Mwanda anaendelea vizuri na anakusalimu, ingawa siku hizi akianza kukutaja huinuka katikati, akaenda kuangalia moto ambao hauna shida yoyote.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu yako ninayo mimi. Niliikuta mezani ile Jumapili niliporudi kutoka misa, blanketi umelikunja, nyumba umefagia, wewe haupo. Bahasha sijaitia gundi. Nampa mama mmoja anayesafirisha nyanya, naye atampa mwenzake, na yeyote atakayeishika akitaka kusoma asome, asije akadhani mimi na wewe tuna siri. Kwa hiyo mahali wanaposema umeonekana sitapaandika.

Jana nilikuwa nachambua mchicha nikamkumbuka marehemu baba. Unakumbuka tulipokuwa tukigombana nani ashuke kuchota maji? Hakuwa mtu wa kiboko. Alikuwa anatusimamisha mlangoni, anatushikisha mikono, anasema, "Haya, semeni." Nasi tunasema, "Tumemalizana." Mimi nikisema hivyo huku nakubinya kidole, na wewe ukikataa kulia ili baba asijue. Ndugu zetu wengine neno hilo waliliacha pale mlangoni. Wewe ulishuka nalo mpaka Voi. Abiria akishuka kwenye pikipiki yako, akilipa, wewe husemi asante kama wenzako wa steji ya bodaboda. Unasema, "Haya mama, tumemalizana." Walikuwa wanakucheka. Kuna waliokuita Malizana, ukaitika.

Nakumbuka pia siku uliyonipeleka Bura kwenye hija, mimi na leso yangu mpya kiunoni. Kabla hujawasha pikipiki ulishuka, ukaishika ile leso, ukaikunja na kuichomeka vizuri chini ya paja langu. Nikakwambia, "Wee, watu wanatuona!" Ukasema, "Waone. Leso ikiingia kwenye cheni utaenda kuhiji mbinguni." Nilicheka hadi tukafika Mwatate. Na nilikuwa najua kila mwanamke uliyembeba ulimfanyia hivyo, hata wale vikongwe waliokuchapa mkono.

Sasa hebu ona mambo hayo mawili yalivyogeuka.

Ulikuwepo mama wa kwanza alipopatikana ameuawa kwenye mto mkavu, na wa pili kando ya shamba la mkonge, wote uso umefunikwa kwa leso yake mwenyewe. Hapo sokoni kazi ikawa moja tu, kumtafuta muuaji kwa mdomo. Mzee Righa, yule fundi viatu anayekaa mkabala na meza yangu, alishikilia kwamba ni dereva wa lori wa barabara ya Mombasa. "Anaua, anapanda gari, kufika kesho yuko Malaba," alisema. Mama Kioko wa maharagwe akamwuliza, "Na huyo dereva njia ya mtoni alionyeshwa na nani? Na wewe?" Watu wakacheka. Siku nyingine ni mchunga ng'ombe aliyetoka mbali. Siku nyingine ni watu wa kafara. Waliotoka bara walisema ni Mtaita, kwa sababu anajua vichochoro. Sisi Wataita tukasema ni mtu wa bara, kwa sababu hatukuwa na mambo hayo kabla ya mji kujaa. Hata mimi nilisema, usinione mtakatifu. Mzee Righa alikuwa anagonga misumari, akikosa jina jipya anasema, "Basi labda ni wewe, Mama Kioko, maana una mikono kama ya mwanaume." Naye anamjibu, "Ningekuwa mimi ningeanza na wewe." Tulikuwa tunaogopa sana, Mwambi. Ndiyo maana tulikuwa tunacheka.

Kisha akapatikana Mkamburi. Huyo hakuwa mtu wa kusikia tu. Alikuwa mpishi wa shule, tuliimba naye kwaya, sauti yake ya pili ilikuwa inanibeba mimi nikipotea.

Wewe ulikuja kwangu mchana ule umekauka midomo. Ukasema, "Dada, huyo mama nilimbeba mimi jana jioni." Hukungoja mtu akwambie la kufanya. Ulinawa uso, ukavaa shati la kanisani, ukaenda polisi kwa miguu yako. Nilijisikia fahari, nikamwambia Mama Kioko, "Ndugu yangu ameenda kusaidia."

Uliporuhusiwa ukatoka, watu walikuwa wamejaa getini. Mmoja akakuuliza, "Umewaambia nini?" Nawe ukamjibu kama unavyojibu siku zote, "Nimewaambia ukweli, nilimalizana naye pale njia panda, nikageuza pikipiki."

Mimi nilikuwa kwenye meza yangu. Neno lilinifikia kabla yako. Lilipofika lilikuwa limepoteza mkia. Kijana wa mkokoteni alipita akipiga kelele, "Amekubali! Amesema alimmaliza njia panda!" Nikasimama. Nikasema, "Nani amesema?" Akasema, "Si huyo Malizana wenu! Jina lenyewe si mnalisikia?"

Mwambi, sijawahi kuona watu wakikubaliana hivyo. Wale wa bara na wale wa hapa, wa lori na wa kafara, wote kwa mara ya kwanza walishika jambo moja, na nyuso zao zilikuwa zimepumzika. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kelele. Nilimwendea Mzee Righa, nikamwambia, "Mzee, wewe unajua Kiswahili. Kumalizana ni kulipana, ni kuachana vizuri. Hakusema alimmaliza." Akanitazama juu ya miwani. Akasema, "Mama, kumaliza na kumalizana, si ni baba mmoja mama mmoja?" Nimesoma mpaka darasa la saba. Nilijua yamepishana lakini sikujua kusema yamepishana wapi. Nikamweleza habari za baba na mlango na kushikana mikono, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona nakuharibia.

Halafu mwanamke mmoja akasema, "Na mnakumbuka alivyopenda kushika leso za watu?" Basi. Nikaona kila mama pale sokoni akijitazama paja.

Pikipiki yako unajua walivyoiharibu, hilo silirudii. Polisi walikuachilia kwa sababu hawakuwa na kitu, lakini steji nzima ilikuwa na kitu, lile neno lako. Ukakaa kwangu umejifungia, unakula kidogo, unaniuliza mvua imenyesha Mwanda au bado, kama mtu aliyekuja kutembea. Nilikuwekea rozari karibu na kikombe. Kisha ikaja ile Jumapili.

Sasa hili ninaloandika, Mungu analijua kabla yako. Ulipokuwa umekwisha kuondoka kitambo, alipatikana mama wa nne, upande wa Mwatate, uso umefunikwa vilevile. Nilikuwa napima vitunguu habari ilipofika. Na kabla sijauliza ni mama wa nani, ana watoto au hana, mdomo wangu ulisema, "Asante Yesu." Kwa sauti. Mama Kioko akasikia. Nilidhani sasa umetoka kwenye lawama, sasa wamejua si wewe. Niliacha mizani nikaenda nyuma ya kibanda, nikapiga magoti kwenye maganda, sijui kama nilikuwa nashukuru au naomba msamaha.

Na wala haikusaidia. Niliporudi walikuwa wameshalipanga. "Kumbe hajaenda mbali." "Amerudi kwa siri." "Dada yake ndiye anayemficha, si mmemsikia akishangilia?" Ukikaa, ni wewe. Ukienda, ni wewe. Akifa mtu, umerudi. Asipokufa mtu, ni kwa sababu umeondoka. Nimeenda polisi kuuliza, wakaniambia uchunguzi unaendelea, nirudi wakati mwingine. Nimeenda kwa padri, akanishika mkono, tukasali. Mkono wake ulikuwa wa joto. Jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa ije kusali kwangu ilipofika zamu yangu. Nilipika maandazi. Mwenyekiti akatuma ujumbe kwamba watasali kwa Mama Kioko, kwangu njia ni ndefu. Njia ile ile, Mwambi. Nilikula maandazi mpaka yakaanza kuota ukungu.

Na yule mwenyewe, nani huyo? Hakuna anayemzungumzia tena. Hilo linaninyima usingizi. Mjadala umekufa. Mzee Righa anagonga viatu vyake kimya, wanawake wameanza tena kupita njia ya mtoni peke yao kwa sababu wanadhani wanamjua muuaji na hayupo. Niliwaambia, "Jamani, msipite huko." Wakanitazama kama mimi ndiye ninayewatisha. Huenda huyo mtu ananunua nyanya kwangu. Huenda ananiita mama, namwongezea moja juu.

Mama Kioko ndiye pekee anayekaa nami. Juzi alikuwa ananisaidia kufunga turubai, akaniuliza polepole, bila ubaya wowote, "Jioni ile ya Mkamburi, huyu kijana alirudi kwako saa ngapi?" Nikasema hukuwa unakaa kwangu wakati huo. Akasema, "Aah." Tukaendelea kufunga kamba. Ni "aah" tu, lakini nimetembea nayo tangu siku hiyo. Nikianza kusali, nasema, "Bwana, ndugu yangu hana hatia," na kitu ndani yangu kinaniuliza, unajuaje? Nasema namjua tangu mgongoni mwangu, nilimbeba nikiwa mdogo mwenyewe. Kinasema, na huyo muuaji, mama yake naye si alimbeba?

Sikwambii urudi. Ukirudi, mimi sina mikono ya kuwazuia. Wala sikwambii ukae huko, kwa sababu mama anazeeka na anakuwekea kiti. Sijui nikwambie nini, na mimi ndiye mkubwa.

Nakuomba jambo moja tu. Wakati ule alipouawa mama wa nne, wewe ulikuwa wapi? Nilikuwa nimeandika hapa kwamba ni watu wanaotaka kujua. Nimelikata, utaona alama ya kalamu. Ni mimi. Anayeibeba barua hii akifika hapa asome tu, sina la kuficha tena. Niandikie ulikuwa wapi, na nani, mlikula nini, mvua ilinyesha au haikunyesha. Andika hata mistari miwili kwa mwandiko wako ule mbaya, mpe mwenye nyanya atanifikishia. Nitaamini utakaloandika. Nahitaji tu liwe limeandikwa.

Mungu akufunike popote ulipo. Nijibu upesi, Mwambi, tafadhali.

Ni mimi,
Dada yako